Thamani ya McDavid haimo katika hesabu ya mabao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu washambuliaji wawili wa Edmonton Oilers katika NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Marekani na Kanada, Connor McDavid na Leon Draisaitl. Baada ya msimu wa 2024/25, wapenzi wengi wa mpira wa magongo wa barafuni wamehitimisha kwamba Draisaitl sasa ndiye mwenye thamani kubwa zaidi, na hoja yao kuu ni kwamba alifunga mabao 52 wakati mwenzake alifunga 26. Siwezi kukubaliana nao.

Katika mchezo huu kila bao, na kila pasi iliyozaa bao, humpa mchezaji pointi moja. Katika msimu huohuo Draisaitl alipata pointi 106 katika michezo 71, na McDavid akapata 100 katika michezo 67. Ukigawanya, kila mmoja anabaki na wastani wa pointi 1.49 kwa mchezo. Tofauti iko katika namna pointi hizo zilivyopatikana, kwa kuwa McDavid alitoa pasi 74 zilizozaa mabao na Draisaitl 54, na ni hapo ndipo watu wanapokosea, kwa kuichukulia pasi kama msaada mdogo anaopewa mfungaji.

Mtazame McDavid anapookota kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, nyuma ya goli lake mwenyewe. Hatua tatu tu, na mabeki wa upande wa pili tayari wameanza kurudi kinyumenyume, kila mmoja akiogopa kupitwa. Anapouvuka mstari wa buluu, unaoashiria mwanzo wa eneo la wapinzani, huwa amekwisha kuwavuta wawili au watatu upande wake, na mahali walipotoka pamebaki wazi. Draisaitl naye husimama chini upande wa kulia, karibu kabisa na mstari wa goli, gongo limeinuliwa, katika pembe ambayo wafungaji wengi wasingethubutu kupiga. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 32 wakati wapinzani wamepungukiwa mchezaji kwa adhabu. Umaliziaji huo ni wake na hakuna wa kumnyang'anya, lakini nafasi ya kupiga mara nyingi hutengenezwa kabla kisahani hakijamfikia.

Sisemi kwamba Draisaitl ni kivuli cha mtu. Mwaka 2020 alitwaa tuzo ya Hart, inayotolewa kwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, na katika mechi za mtoano za 2025 alifunga mabao manne katika muda wa nyongeza, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifanya katika mtoano mmoja. Mara nyingi huongoza safu yake mwenyewe ya washambuliaji bila McDavid kuwa barafuni, na safu hiyo haiyumbi. Timu nyingi zingempa unahodha bila kusita.

Hata hivyo, katika mtoano wa 2024 McDavid alipata pointi 42, nane tu kati ya hizo zikiwa mabao, na akapewa tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano ingawa Oilers walifungwa na Florida Panthers katika mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali. Ni nadra sana mchezaji wa timu iliyoshindwa kuipata tuzo hiyo, na waliompa hawakuwa wakihesabu mabao.

Wapo pia wanaotumia mishahara kama mizani, kwa kuwa mkataba wa Draisaitl una wastani wa dola milioni 14 kwa mwaka na ule ambao McDavid alitia saini Oktoba 2025 una milioni 12.5 kwa miaka miwili. Ligi hii ina kikomo cha mishahara kwa kila timu, na kila dola ambayo nyota haichukui hubaki kwa ajili ya beki au kipa. Aliyekubali kiasi kidogo ameiachia timu yake nafasi ya kusajili, na mimi naihesabu nafasi hiyo kuwa sehemu ya thamani yake.

Wako katika mchezo,
Msomaji wa kurasa za michezo