Mkulima ashirikishwe kabla mche haujafika kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wakulima wa Mtwara na Lindi hulizungumza kila mwaka vibarazani, lakini halifiki mahali linapoamuliwa. Katika upandaji miti na katika utafiti wa kilimo tunaitwa mwishoni, wakati aina ya mche imeshachaguliwa, tarehe imeshapangwa na kilichobaki ni sisi kushika jembe.

Nianze na tarehe. Siku ya Upandaji Miti kitaifa ni Aprili 1, na kwa mikoa inayopata masika kuanzia Machi hadi Mei siku hiyo inafaa kabisa, kwa kuwa ardhi ndiyo kwanza inalowa. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha kiangazi hutanda hadi karibu na mwisho wa mwaka. Mche uliopandwa Aprili juu ya Uwanda wa Makonde, kwenye kichanga kisichoshika maji, huingia kiangazi kabla mizizi yake haijashuka. Watu wa Newala na Tandahimba wanajua kwamba uwandani hakuna mto, na kwamba hata maji ya kunywa hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Mama anayenunua maji kwa ndoo hawezi kuambiwa amwagilie mti wa kivuli kwa miezi sita. Kisha miche inapokufa tunaandikwa kuwa wananchi hatuna mwamko. Lawama hiyo inaniuma, kwa sababu laiti mkulima angeulizwa, angesema miche ije baada ya mvua za kwanza kutulia, na angeongeza kuwa isije katika wiki zile ambazo kaya nzima inamalizia kuokota korosho na papo hapo inapanda mahindi na mihogo, maana hakutakuwa na mtu wa kuchimba mashimo. Kalenda ya namna hiyo haiwezi kupangwa na mtu asiyelima hapa.

Aina ya mti nayo ina maswali yake. Mkulima anayetegemea ekari mbili au tatu hapandi mti asiojua atauvuna lini, utamnyima nini, na utakuwa wa nani. Hili la mwisho halizungumzwi sana nalo ndilo zito. Katika vijiji vyetu vingi mti wa kudumu ni alama ya umiliki, na mtu aliyeazimwa shamba huruhusiwa kulima mihogo au kunde, lakini akipanda mkorosho au mwembe huonekana anataka kulichukua shamba lenyewe. Pia mikorosho inaweza kuwekwa rehani au kukodishwa kwa msimu huku ardhi ikibaki kwa mwenyewe. Afisa anayegawa miche nyumba kwa nyumba bila kujua nani ana haki ya kupanda nini na wapi anawapa watu mzigo, na hasa wanawake wanaolima mashamba ya ndugu. Jambo hili hutatuliwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa kukubaliana mapema na hata kuandikishana, si kwa hotuba ya siku ya kilele.

Lipo pia suala la ufuta. Tunahimizwa kupanda miti huku misitu ya Liwale, Nachingwea na Kilwa ikifyekwa kwa ajili ya mashamba mapya ya ufuta, kwa kuwa baada ya misimu michache shamba la zamani huchoka na magugu huzidi nguvu za mwenye jembe la mkono. Mkulima huyo hana chuki na mninga wala mpingo. Anatafuta ardhi isiyo na magugu, na mpaka atafutiwe njia ya kulima palepale kwa faida, kila mche unaopandwa shuleni utakuwa unafuata nyuma ya miti mingi iliyokwishaanguka. Hapo ndipo utafiti wa kilimo na uhifadhi wa misitu unapopaswa kukutana, na kwa maoni yangu haujakutana vya kutosha.

Sisemi haya kwa kuubeza utafiti. Kituo cha Naliendele, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimeokoa maisha ya watu wa kusini. Wazee wanakumbuka kuwa korosho za nchi hii zilifikia takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74, zikashuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, baada ya watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei kuwa duni na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua ya mikorosho, kuingia. Unga wa salfa wa kuzuia ukungu huo, upogoleaji, nafasi ya mita 12 kwa 12 kati ya mti na mti, na miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti bora, ni kazi ya watafiti, nasi tunaishukuru. Ila tazama namna ujuzi huo ulivyotufikia. Kila mkulima anajua kupuliza salfa. Wachache walielezwa kuwa vimelea vya ubwiriunga hujihifadhi kwenye machipukizi ya ndani ya mti nje ya msimu wa maua, na kwamba kuyaondoa mapema hupunguza ugonjwa bila gharama ya mfuko hata mmoja wa salfa. Wachache zaidi wameambiwa kuwa watafiti waligundua tangu miaka ya 1990 kwamba salfa huongeza tindikali katika udongo wa kichanga, udongo uleule tunaopanda mihogo na mbaazi chini ya mikorosho. Hii ni habari ya shamba langu, na ilipaswa kurudi shambani kwangu.

Ujuzi nao hautoki upande mmoja. Wakulima wa mikorosho wamewaona siku zote maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wakiwafukuza wadudu wanaofyonza machipukizi, na watafiti walipowachunguza wakathibitisha kuwa wanaulinda mti. Muhogo wa Kiroba ulikuwa mbegu ya wakulima wa pwani kabla haujathaminiwa na wataalamu kwa kustahimili michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha mihogo ardhini. Kinyume chake kiko Nachingwea, ambako Waingereza walileta Mpango wao wa Karanga mwaka 1947 pamoja na matrekta, reli na bandari ya Mtwara, bila kuupima vya kutosha udongo na mvua, na kufikia 1951 mpango wenyewe ulikuwa umeachwa.

Vijiji vina uwezo wa kubeba kazi hii vikiaminiwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu kumiliki na kusimamia misitu ya hifadhi ya vijiji, na huko Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu mwaka 2009, vikauza mpingo wao kwa utaratibu na mapato yakaingia kijijini. Wanakijiji waliohesabu miti yao wenyewe, wakapanga ipi ikatwe na ipi iachwe, hawashindwi kuchagua miche ya kupanda.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu, kwa watafiti wa Naliendele na kwa wenzao wa misitu ni hiki: waje kwenye mikutano ya vijiji mwezi wa Julai au Agosti, kabla bajeti ya miche haijatumika, waulize mti gani unahitajika na shamba la nani litaupokea. Vitalu vianzishwe vijijini, viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, vijazwe udongo na vikundi vya hapo hapo na walipwe, badala ya miche kusafirishwa kwa lori kutoka mbali na kufika imenyauka. Majaribio ya mbegu na ya mseto wa miti na mazao yafanyike katika mashamba ya wakulima wa kawaida, wanawake wakiwemo, na si ya mwenyekiti peke yake. Na mtafiti aliyepima udongo wangu au kuhesabu mikorosho yangu arudi msimu unaofuata kutusomea alichokiona, kwa Kiswahili, hata kama jaribio lilishindwa.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara