Hull House haikuwa kituo cha misaada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nisahihishe mambo mawili yaliyomo katika makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu historia ya wahamiaji katika jiji la Chicago. Makala hiyo ilieleza kwamba Hull House ilikuwa kituo cha misaada kilichofunguliwa na mwanamke tajiri ili kuwalisha maskini, kisha ikamalizia kwa kusema kwamba kituo hicho kinawahudumia wahamiaji hadi leo. Hilo la pili ni kosa la tarehe, nami nitalifikia. La kwanza ni zito zaidi, kwa sababu linaficha jambo lenyewe lililoifanya nyumba ile ikumbukwe.

Jane Addams, mwanamke huyo anayezungumziwa na makala yenu, alikuwa binti wa mwenye kinu na seneta wa jimbo la Illinois, na ni kweli kwamba baba yake alimwachia urithi. Mwaka 1888 alifika London akaiona Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1884 mashariki mwa jiji hilo na kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta, ambako vijana waliosoma Oxford na Cambridge walihamia na kuishi katikati ya maskini. Aliporudi Marekani, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walipanga nyumba ya zamani ya matofali katika mtaa wa Halsted, iliyojengwa mwaka 1856 na mfanyabiashara aliyeitwa Charles Hull, wakaingia humo tarehe 18 Septemba 1889. Majirani zao walikuwa Waitalia, Wagiriki, Wajerumani, Waairishi, Wabohemia, na Wayahudi kutoka Urusi na Poland. Neno la kuzingatia hapa ni kwamba walihamia. Hawakufungua ofisi ya kuingia asubuhi na kutoka jioni. Walilala pale, walinunua mahitaji yao katika maduka yaleyale, na kila aliyejiunga nao baadaye alilipia chumba na chakula chake mwenyewe. Kwa kuwa Kiswahili bado hakina jina lililozoeleka la nyumba za aina hii, mimi ningependelea tuziite nyumba za ujirani, maana kituo cha misaada kina dirisha la kupokelea watu na foleni nje yake, ilhali jirani hana dirisha la namna hiyo.

Ujirani huo haukuwafanya wawe na hekima mara moja. Katika Krismasi yao ya kwanza pale Halsted, Addams na wenzake waliwaandalia watoto wa mtaa pipi, na wasichana kadhaa wadogo wakazikataa bila kutoa sababu yoyote zaidi ya kusema kwamba wanafanya kazi katika kiwanda cha pipi na hawawezi hata kuzitazama. Ndipo ilipofahamika kwamba kwa wiki sita mfululizo wasichana wale walikuwa wakiingia kiwandani saa moja asubuhi na kutoka saa tatu usiku. Baadaye nyumba ilifungua jiko la umma, ambamo vyakula vilipikwa kwa vipimo vya kisayansi, vikiwa na lishe bora na bei nafuu, wakitarajia kwamba akina mama waliokuwa wakishona nguo kutwa nzima wangekuja kuvinunua. Hawakuja kwa wingi. Addams mwenyewe ameandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1910 kwamba mama mmoja alikiri waziwazi kuwa chakula kile kina lishe, hana ubishi, ila yeye hapendi kula kitu kwa sababu tu kina lishe. Anapenda kula anachokipenda. Jiko lile halikufanikiwa kama lilivyokusudiwa, lakini chumba cha kahawa kilichokuwa pamoja nalo kikageuka baraza la mtaa, na wakazi wa nyumba walikuwa na busara ya kutoshindana na jambo hilo.

Naomba radhi kwa kuchomeka habari zangu hapa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Chicago kwa miaka kumi na minne sasa, na mara kwa mara huombwa niwe mkalimani wa familia za Kikongo zinazowasili zikiwa hazijui Kiingereza lakini zinasema Kiswahili chao cha mashariki mwa Kongo. Niliwahi kufuatana na mfanyakazi wa shirika moja, ambalo sitalitaja, kupeleka sanduku la vyakula vya makopo kwa mama mmoja kutoka Uvira. Alitoa kopo moja moja, akazipanga mezani kwa adabu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hii chakula ni ya nani?" Alichokuwa akikitafuta ni unga wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, na duka la kuviuza lilikuwa safari ya basi moja tu kutoka kwake, ila hakukuwa na mtu wa mtaa ule wa kumwelekeza. Miaka zaidi ya mia moja inamtenganisha na yule mama wa Halsted, lakini walikuwa wakisema jambo moja.

Makala yenu iligusa suala la taka kwa sentensi moja, nami naona ndilo linalostahili kuelezwa kwa kirefu. Taka za mtaa ule zilitupwa ndani ya masanduku makubwa ya mbao yaliyokuwa yamekazwa barabarani. Watoto wanaojifunza kutembea waliyaparamia, wavulana walichota humo silaha za kurushiana, na jioni wachumba walikaa juu yake wakizungumza. Kiangazi kimoja wanawake kumi na wawili wa klabu ya akina mama, pamoja na wakazi wa nyumba, walipita vichochoroni baada ya kazi zao wakiandika kila walichokiona, na kwa miezi miwili ya Agosti na Septemba waliwasilisha kwa idara ya afya ya jiji taarifa 1,037 zilizothibitishwa za ukiukaji wa sheria. Bado hali haikubadilika vya kutosha, kwa kuwa kazi ya kuzoa taka ilitolewa kwa zabuni za kisiasa. Mwaka 1895 Addams aliomba zabuni hiyo yeye mwenyewe. Maombi yake yakatupwa kwa sababu za kiufundi, lakini makelele yaliyofuata yalimfanya meya amteue mkaguzi wa taka wa kata ya 19, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Aliamka alfajiri akayafuata magari ya farasi hadi dampo. Katika kichochoro kimoja, baada ya uchafu kuondolewa, palionekana barabara iliyosakafiwa ikiwa chini kiasi cha sentimita 45.

Hapo ndipo nyumba ilipojitofautisha na hisani ya kawaida, kwani ilianza kuhesabu, na hesabu zikawa sheria. Florence Kelley, aliyehamia pale mwaka 1891, aliongoza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1895 yakiwa na ramani zilizotiwa rangi kuonyesha taifa la kila familia na kipato chake kwa wiki. Katika eneo lile dogo walihesabu mataifa 18. Kabla ya hapo, mwaka 1893, ushahidi wa aina hiyo ulisaidia kupatikana kwa sheria ya viwanda ya Illinois iliyokataza kuwaajiri viwandani watoto walio chini ya miaka 14 na kuweka saa nane za kazi kwa wanawake, naye Gavana Altgeld akamteua Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Kifungu cha saa nane kilibatilishwa na Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo mwaka 1895. Mahakama ya watoto ya mwaka 1899 na tafiti za Dakta Alice Hamilton kuhusu sumu ya madini ya risasi (lead) kazini zinatoka katika mkondo huohuo.

Sisemi kwamba hawakuwa na dosari. Mwaka 1901 Addams aliandika kulaani mauaji ya Waamerika Weusi mikononi mwa makundi ya watu, lakini aliandika kana kwamba waliouawa walikuwa wahalifu kweli. Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi aliyekuwa akiishi jijini humohumo, alimjibu mwaka uleule kwa takwimu zilizoonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Addams alikuwa miongoni mwa waliounda NAACP, chama cha kutetea haki za Waamerika Weusi, mwaka 1909, na hilo ahesabiwe. Hata hivyo nyumba nyingi za aina hii zilimfungulia mlango mhamiaji wa kutoka Ulaya huku zikimwacha nje Mweusi aliyehamia kutoka majimbo ya Kusini, ndiyo maana Wells akalazimika kuanzisha jumuiya yake mwaka 1910 ili vijana Weusi wapate pa kufikia.

Sasa nije kwenye kosa la pili. Addams alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931 na kufariki mwaka 1935, nyumba ikiwa imekua na kuwa majengo 13. Mwaka 1961 halmashauri ya jiji ilichagua eneo lile kujenga chuo kikuu cha Illinois. Florence Scala, binti wa fundi cherehani wa Kiitalia aliyekulia katika madarasa ya nyumba ile, aliwaongoza wanawake wa mtaa kwenda kuketi katika ofisi za meya. Kesi yao ilishindwa, na mwaka 1963 majengo yakavunjwa pamoja na sehemu kubwa ya mtaa wenyewe. Yaliyobaki ni mawili, nyumba ya Hull na ukumbi wa kulia chakula, ambayo ni makumbusho tangu mwaka 1967. Chama kilichorithi jina kilitawanya ofisi zake jijini, kikategemea zaidi fedha za serikali, na Januari 2012 kilifilisika kikafunga milango. Kwa maoni yangu kilikuwa kimeshageuka zamani kuwa kile ambacho makala yenu ilikiita, yaani kituo.

Nitashukuru marekebisho haya yakichapwa katika ukurasa uleule wa Jumapili, kwa kuwa nimearifiwa na ndugu zangu wa Tanga kwamba makala imekwisha kubandikwa ukutani katika darasa la historia la shule moja ya sekondari, ikiwa na makosa yale mawili yaliyopigiwa mstari.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Chicago, Marekani