Mfumo umekataa

Mwanga, Kigoma

Hamisi ndugu yangu,

Salaam nyingi sana. Shemeji hajambo? Watoto je, bado mnawasemesha Kiswahili huko au ndo Kinyarwanda mtindo mmoja? Huku wote wazima, ziwa limechafuka kidogo ila boti zinatoka. Baba Rehema anakusalimu na anasema ile hela yake bado anaikumbuka.

Sasa sikia kilichonifanya niandike baada ya kimya chote hiki. Unamjua Mama Sauda wa mwaloni Kibirizi, mtaji wake wote wa dagaa ni mikopo ya kwenye simu, anakopa, analipa, anakopa tena, hajawahi kuchelewesha hata siku moja. Juzi giza la mwezi linaanza, ndo siku za dagaa, boti zinajiandaa, kaomba kama kawaida, kakataliwa. Kapiga huduma kwa wateja, dada wa watu akamwambia mama, mfumo umekataa. Kwa sababu gani? Hajui. Sasa nani anajua? Hajui pia. Giza zima kachukua mzigo kwa mali kauli na mali kauli ya pale unaijua inavyonyonya.

Mi nimeshindwa kulala na hilo neno. Nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje na hizi akili mnemba, na mfano ulionikaa zaidi ni hapohapo unapoishi. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338, mkoa wetu huu wa Kigoma tu unaizidi, lakini Oktoba 2021 walishatunga sheria ya kulinda data za watu, na Aprili 2023 baraza la mawaziri likapitisha sera ya taifa ya akili mnemba. Yaani hawakuanza na sheria nene ya mashine zenyewe, walianza na data, na mi naona walipiga penyewe kwa sababu mashine isiyo na data zako haina cha kukuamulia. Sheria ile inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, tena data zikae ndani ya nchi, anayetaka kuzitunza nje aombe cheti kwa mamlaka yao ya usalama wa mtandao.

Wasiwasi wangu uko kwenye ubavu. Ulaya wametunga sheria yao ya akili mnemba 2024, nchi 27 kwa pamoja, kosa kubwa faini inafika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni dunia nzima, hapo hata jitu kubwa linasikiliza. Nchi ndogo ikikunja uso peke yake jitu linaweza kufungasha likaondoka na wala lisihisi hasara. Ndo maana nilifurahi Umoja wa Afrika kupitisha mkakati wa bara zima Julai 2024 pale Accra, ingawa mkakati bado sio sheria.

Ila nimewaza sana nikaona kuna kitu tunakisahau. Aliyetengeneza mashine yuko mbali, sawa, lakini anayeitumia kumnyima Mama Sauda mkopo yuko hapahapa na ana leseni ya hapahapa! Novemba 2024 Benki Kuu yetu ilitaja programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali, na hii ya Mama Sauda haimo, hii ina leseni kabisa. Basi huyo ndo wa kubanwa, aambiwe akikataa atoe sababu na awepo mtu, binadamu, wa kulitazama upya ombi. Hiyo haihitaji nchi iwe kubwa.

Na kumbe hata sisi tunayo, Hamisi! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, tume ya kuisimamia ipo, na humo ndani kuna kifungu cha maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Pale mwaloni nimeuliza, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia, inaniuma sana hiyo. Sheria ikae kabatini wakati watu wanaambiwa mfumo umekataa wanarudi nyumbani kimya, aah.

Tumekubaliana na kina mama wa kikundi tumwandikie mkopeshaji, asipojibu twende kwenye tume. Mi ndo mwandishi, kwa hiyo nisaidie. Pita pale kwenye ofisi za hiyo mamlaka yenu ukaulize: mtu wa kawaida analalamikaje, anahitaji wakili? Fomu ipo kwa Kinyarwanda au kwa lugha za wasomi tu? Wakopeshaji wa huko wakiulizwa sababu wanaitoa kweli au nao wanasema mfumo? Na wewe mwenyewe umeshawahi kumsikia mtu yeyote hapo mtaani kwenu aliyelalamika akasikilizwa? Kikao ni Jumamosi, nitumie hata voisi, usisubiri uandike.

Ndugu yako,
Issa

N.B. Mawese yako nimempa kondakta wa basi, umpigie akikaribia.