Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti kwa wanachama, Bukavu

Wapendwa wanachama, mama zetu na baba zetu waganga wa mimea, ndugu wa redio, vijana wa chuo kikuu na wa maabara,

Mwaka tunaoufunga ulikuwa mgumu kwa mji wetu, na kila mmoja anajua yaliyomfika nyumbani kwake. Wako wenzetu waliohama. Hatukuwafuta kwenye daftari. Nafasi zao zinawangoja. Hesabu za pesa atazisoma Mweka hazina baada yangu. Mimi nitatumia muda wangu kwa swali lililorudi katika kila kikao cha kamati: je, sehemu ya mawasiliano na sehemu ya mimea ziendelee kukaa katika chama kimoja, ama kila moja ishike njia yake? Walioleta pendekezo la kutengana walilileta kwa nia njema. Wanaona hesabu za mawimbi na majani ya dawa havina cha kuambiana. Kamati inapendekeza tubaki pamoja, na ni wajibu wangu kuwaeleza sababu.

Semina za mawasiliano mwaka huu zilishughulikia chaneli ya utangazaji, yaani mtumaji mmoja anayesema na wasikilizaji wengi walio katika hali tofauti. Sisi wakaaji wa vilima tunaliishi jambo hilo kila siku. Mawimbi ya FM hayapendi kupinda kilima: anayeuona mnara wa redio kutoka mlangoni kwake anapata kila neno, na aliye bondeni, nyuma ya mlima, anashika redio ya simu ya kitochi sikioni akipata nusu sauti nusu mkwaruzo. Kipindi ni kilekile, mtangazaji ni yuleyule.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kwamba kila chaneli ina kikomo chake cha habari, na kwamba chini ya kikomo hicho ujumbe unaweza kufika karibu bila kosa hata kelele ikiwepo. Nadharia yake ilianzia kwa mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja. Mwaka 1972 Thomas Cover aliuliza: wapokeaji wakiwa wawili, mmoja anasikia vizuri na mwingine vibaya, mtumaji afanye nini? Jibu linalokuja haraka ni kugawa muda, huyu kidogo na yule kidogo. Cover akaonyesha kwamba kuna njia bora zaidi: kupandisha ujumbe mmoja juu ya mwingine na kuutuma wote kwa wakati mmoja.

Tulifanya mfano ubaoni. Msikilizaji wa kwanza anapata ishara yenye nguvu mara 63 ya kelele, basi kikomo chake ni biti 6 (biti moja ni habari ya jibu moja la ndiyo ama hapana) kwa kila alama inayotumwa. Wa pili ishara yake ni mara 3 tu ya kelele, kikomo chake biti 2. Tukiwagawia muda nusu kwa nusu, wa kwanza anapata biti 3 na wa pili 1. Sasa tuache kugawa muda, tugawe nguvu ya mtambo: theluthi mbili ibebe ujumbe wa yule dhaifu, ulio chini, theluthi moja ujumbe wa mwenye nguvu, uliopandishwa juu yake. Dhaifu anauhesabu ujumbe wa mwenzake kuwa kelele, na bado anapata biti yake 1 kamili. Mwenye nguvu anasoma kwanza ujumbe wa dhaifu, anautoa, kisha anasoma wa kwake katika kilichobaki: karibu biti 4.46. Hakuna aliyepunguziwa, na mtambo haukuongezwa hata wati moja.

Mama mmoja mganga kutoka Kadutu alisimama akauliza: "Kwa hiyo huyu mzuri anasikia na ya yule dhaifu?" Ndiyo, mama, anasikia yote. "Na dhaifu hasikii ya mzuri?" Hasikii. Akakaa, halafu akasema: "Basi yanayookoa mtu myaweke chini, pale wote wanaposikia." Kwangu mimi hilo ndilo neno kubwa la mwaka huu, na lilitoka upande wa mimea.

Tangu siku hiyo vipindi vyetu vya redio kuhusu mimea vinaandikwa upya. Mitambo hatukuigusa. Tulichobadili ni maandishi. Tabaka la chini ni sentensi fupi, zinazosemwa polepole na kurudiwa kwa Kiswahili na kwa Mashi: mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe malaria; mama mjamzito asinywe dawa ya miti bila kuuliza; usichume mmea usioujua kwa hakika. Juu ya hapo, kwa anayesikia vizuri, ndipo tunaeleza jina la kisayansi, sehemu ya mmea inayotumika, msimu wa kuchuma na namna ya kukausha. Zamani tulianza na historia ya mmea, na onyo lilikuja mwishoni, wakati walio bondeni wamekwisha kuzima redio kuhurumia betri.

Wenye shaka waliniambia, na walikuwa na haki: Mwenyekiti, huo bado ni upande mmoja tu. Maabara inajua, redio inasema, mganga anapokea. Katika hesabu hali hiyo inaweza kuitwa chaneli ya ngazi: anachosikia wa chini ni kile cha wa juu kilichoongezewa kelele. Chaneli za namna hiyo zimekwisha kufumbuliwa, kwa kazi za wataalamu Bergmans na Gallager za miaka 1973 na 1974. Lakini si chaneli zote ni za ngazi. Ziko ambazo kila msikilizaji anasikia vizuri kitu ambacho mwenzake anakisikia vibaya, na hakuna wa kumwita wa juu. Kwa hizo, mpango bora unaojulikana ni ule wa Katalin Marton wa mwaka 1979, na kikomo chenyewe cha chaneli ya jumla bado hakijapatikana mpaka leo.

Ninaamini mganga na maabara ni wa aina hii ya pili. Hesabu haiwezi kuthibitisha jambo la watu, najua, ndiyo maana naleta ushahidi wa mimea yenyewe. Mubirizi, ambao wasomi wanauita Vernonia amygdalina, unaota kwenye nyua zetu. Mwaka 1987, huko Mahale, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walikuwa wakimfuata sokwe jike mgonjwa, jina lake Chausiku. Sokwe huyo alikata shina changa la mubirizi, akamenya ganda, akaacha majani, akatafuna ute mchungu wa ndani. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Huffman alikuwa na daftari na elimu ya wanyama; Mohamedi, aliyejua dawa za Watongwe, ndiye aliyesema kwamba huo mti ni dawa kwao pia. Baadaye maabara ikaonyesha kwamba majani na ganda vina vernodalini nyingi, ambayo ni sumu, kuliko ule ute wa ndani. Ungemwondoa mmoja kati ya hao wawili pale porini, sijui leo tungekuwa tunasimulia nini.

Na Tu Youyou wa China, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria itokayo kwenye mmea wa artemisia? Mmea ulikuwa mikononi mwao, lakini majaribio yalikuwa yakitoa matokeo yasiyoaminika. Katika maandishi ya Ge Hong, mganga wa China, ya karne ya 4 alisoma kwamba majani yalowekwe katika maji, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Kuchemsha hakukutajwa. Akatambua kwamba joto huenda linaharibu dawa, akatumia etha, kimiminiko kinachochemka kwa nyuzi 35 hivi, na dawa ikapatikana. Habari yote ilikuwa ndani ya kitendo kidogo cha mikono. Kwa hiyo nawasihi wanaokusanya maarifa ya waganga wetu: msirudi na jina la mti peke yake. Andikeni nani alichuma, saa ngapi, sehemu gani, alitwanga ama alichemsha, kwa muda gani. Hapohapo niseme wazi kwamba chai ya artemisia si badala ya vidonge vya malaria. Shirika la Afya Duniani haliikubali, na redio yetu haitaisifu.

Kuna jambo la tatu la hesabu lililonigusa. Mwaka 1978 Abbas El Gamal alithibitisha kwamba katika chaneli ya ngazi halisi, wasikilizaji wakimrudishia mtumaji majibu, kikomo hakiongezeki hata kidogo. Mwaka 1980 Gunter Dueck akatoa mfano wa chaneli isiyo ya ngazi ambamo majibu yanaongeza. Kama mganga ni ngazi ya chini tu, simu zinazopigwa studioni ni adabu tupu. Kama sivyo, simu hizo ni habari mpya. Wanaokaa karibu na simu ya studio wanajua jibu.

Kuhusu msitu nitasema machache. Gome la Prunus africana, mti wa milimani, linatafutwa sana kwa dawa za tezi dume, na biashara yake iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1995. Ukivua gome kuzunguka mti mzima, mti unaweza kufa. Naomba kila mwanachama aliye na ndugu milimani afikishe ujumbe huo, nao uingie katika tabaka la chini la vipindi.

Kamati inaleta mbele yenu mambo haya mpige kura. Chama kibaki kimoja. Kila kipindi cha mimea kiandikwe na watu wawili, mmoja wa kila sehemu, na mganga asikilize rekodi kwenye redio ndogo kabla haijaenda hewani. Na kila mmea tunaoutaja ukaushwe, ubandikwe kwenye karatasi na upelekwe Lwiro, kwenye kituo cha utafiti wa sayansi asilia, wataalamu wauhakikishe jina. Gharama ya usafiri imo katika hesabu atakazosoma Mweka hazina sasa.