Kabla ya mkutano mkuu: ziada ya mwaka

Ndugu wanachama, habari za jioni. Naona mjadala wa jinsi ya kugawa ziada (kinachobaki baada ya kutoa gharama za mwaka) umepamba moto humu, na hoja inayorudiwa ni kwamba mwenye hisa nyingi awe na sauti kubwa. Hapana jamani, hiyo ni kampuni. Kwenye ushirika ni mwanachama mmoja, kura moja, awe na hisa 5 au 500.

Na kwenye mgao, mfano ni wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika Desemba 1844 baada ya kuchoka kuuziwa vyakula vilivyochakachuliwa. Hisa zao walizilipa riba yenye kikomo. Ziada iliyobaki waliigawa kwa manunuzi: aliyenunua zaidi dukani ndiye aliyerudishiwa zaidi. Mwenye mtaji mkubwa asiyenunua kitu hakupata hata senti ya mgao huo. Mimi naona utaratibu huo ni wa haki mpaka leo, na ndio unaofanya fedha izunguke hapa hapa tunapoishi badala ya kwenda kwa mwekezaji asiyetujua.

Tusidanganyane lakini, ushirika nao hufa. Mikopo isiyorejeshwa, bodi isiyoulizwa maswali, basi.

Kwa hiyo kila mtu asome taarifa ya mhasibu, hasa ukurasa wa madeni (najua wengi mnaruka hapo). Mwenye udhuru amjulishe katibu mapema. Akidi (idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali) isipotimia tutaahirisha, na mgao utasubiri.