Mkono Wako Chini ya Shingo Yangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai umefika Mjini salama na skuli imeanza vizuri. Huku Jambiani sote wazima. Bibi yako anakusalimu sana.

Tangu uondoke sina ninalolifikiria ila ile Jumapili. Ilikuwa bamvua ya mwezi mpevu, maji yamekupwa mpaka kule karibu na mwamba, tukapita mashamba ya mwani na wewe unainamia kila kidimbwi. Ukaokota kiti cha pweza chekundu, chenye umbo la nyota, ukakigeuza kiganjani, tukaona vijiguu vyake, vingi, laini, vinapapasa vikitafuta pa kushika. Kisha ukakirudisha palepale. Miaka yote hii navipita tu, sijapata kukigeuza hata kimoja.

Maji yalipoanza kujaa ukaniuliza mbona nina haraka ya kurudi pwani. Nikakwambia chakula kiko jikoni. Sikukwambia kweli, mwanangu. Niliogopa.

Mwani ulipoanza kupandwa huku kwetu, 1989, nilikuwa mtoto wa chuoni, namfuata bibi yako kufunga mbegu kwenye kamba. Bahari naijua kwa miguu: saa yake ya kupwa, penye miiba, penye tope. Kuogelea walifunzwa kaka zangu. Sisi wa kike tulikatazwa kupita magotini. Na Septemba 2011, meli iliyokuwa ikienda Pemba ilipozama usiku, nilikuwa na mimba yako, nikashinda kwenye redio nalia. Ndiyo maana mjomba wako alipotaka kukufunza, nilikubali siku ileile.

Basi alasiri, maji yamejaa, ukanambia, "Mama, lala chali, nimekushika." Nikalala na kanga zangu. Masikio yalipozama nikasikia bahari inatatarika kama mafuta ya kukaangia samaki! Umri wangu wote pwani, sauti ile sikuijua. Nikawa naisikiliza, nikasahau kukaza mwili. Nilipokutazama, ulikuwa umesimama mbali, mikono yako yote miwili nje ya maji, unacheka.

Nimewahadithia wenzangu wa mwani. Wawili wanataka kujifunza. Shangazi yako anatushonea suruali na kanzu fupi za kuogea, maana kanga hufunguka. Likizo ukija, uje na subira. Mmoja wao ni mwoga kuliko mimi.

Mama yako