Yah: Malalamiko kuhusu mnara wa redio mliotujengea kilimani

Redio ya Jamii,
Pwani ya Kusini, Tanzania.
24 Februari 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ujenzi wa Minara,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Rejea mkataba wetu wa Oktoba 2024, pamoja na simu nne nilizompigia msimamizi wenu wa mradi. Alipokea mbili.

Mnara wetu wa zamani uliangushwa na upepo wa kimbunga Hidaya, Mei 2024. Ulikuwa nyuma ya studio, hatua chache kutoka kwenye mikoko, na chumvi ilishazila nyaya zake kwa miaka. Hilo ni kosa letu, sikatai. Ndiyo maana bodi ikaamua tusijenge palepale bali tupande kilimani, tuwe mbali na bahari na matangazo yafike vijiji vya nyuma ya miinuko. Mawimbi ya FM hayapindi kilima kumfuata msikilizaji. Antena isipomwona, anachopata ni mvumo tu. Tukaomba kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, cha kuhamisha mtambo, na cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa urefu wa mita 45. Vyote vikatoka. Iliyobaki ilikuwa kazi yenu.

Vipande 15 vya mita 3 mmevitoza kama vipya, chuma kilichopakwa zinki kiwandani. Mwishoni mwa Januari nilipanda na fundi wetu hadi kipande cha nne, maana rangi nyekundu ilikuwa inabanduka kabla hata mvua kubwa haijainyeshea. Fundi akakwaruza kwa ufunguo wa pikipiki. Chini ya nyekundu mpya kulikuwa na nyeupe ya zamani, na kwenye hiyo nyeupe kuna ngalawa imechorwa kwa msumari, ndogo kama kidole gumba, tanga lake limejaa upepo.

Ngalawa ile naijua. Aliichora marehemu mlinzi wetu kwenye mguu wa mnara wa zamani, usiku mmoja akisubiri kupambazuke.

Vijana wenu walipokuja kupima eneo walijitolea kuondoa vyuma vilivyoanguka, eti watusaidie kusafisha uwanja. Niliwashukuru, nikawanunulia chai na mihogo. Kumbe tulikuwa tunawafungia mbuzi wetu waende wakamnenepeshe kwa rangi, kisha waturudishie kwa bei ya dukani! Hadi sasa tumehesabu vipande sita vya namna hiyo. Vingine hatujavikwaruza.

La pili ni nanga, yaani vitako vinavyofungiwa nyaya za kuushikilia mnara usianguke. Mchoro wenu wenyewe unataka nanga tatu za zege, kila moja mita 30 kutoka kwenye msingi. Mbili ziko sawa. Ya upande wa kusini iko mita 19, kwa sababu mkorosho wa jirani ulikuwa njiani na hakuna aliyetaka kwenda kuzungumza naye habari ya fidia. Waya uliosimama wima kiasi hicho unaukandamiza mnara kwenda chini kuliko unavyouzuia usiinamie upande, na huko ndiko upepo wa kusi unakotokea. Aprili, unapoanza kuvuma, si mbali.

Tena zege la msingi mlilimwaga Jumanne, Jumatatu iliyofuata mnara ukawa umesimama. Zege hupewa siku 28 kufikia nguvu yake, na hilo hata mafundi wa mtaani wanalijua. Taa nyekundu ya kileleni ipo, ila waya wa umeme haujafika.

Wakati haya yakiendelea, antena yetu iko kwenye bomba la maji juu ya paa la studio. Usikivu unaishia sokoni. Asubuhi wavuvi wanakuja wenyewe mlangoni kuuliza, "Leo bahari vipi?" nami nawasomea utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kutoka kwenye karatasi. Walioko visiwani hawana mlango wa kugonga.

Kwa hiyo asilimia 30 iliyobaki hatulipi. Tunataka vipande vyote vya zamani vishushwe na viletwe vipya pamoja na cheti cha kiwanda, nanga ya kusini ihamishiwe mahali pake, na msingi upimwe na mhandisi aliyesajiliwa, si msimamizi yule peke yake. Mwenye mkorosho tumeshazungumza naye. Amekubali, na fidia yake ni juu yenu. Mwisho ni tarehe 31 Machi. Ikipita, barua ijayo itatoka kwa mwanasheria wetu.

Mkija kushusha vyuma, kipande chenye ngalawa mkiache hapa kituoni. Hicho ni chetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Meneja wa Kituo

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi